Koma Kati ya Majina Mawili

Msichana aliyeanguka mtihani kwa mkono wangu alikuwa akiishi mlango wa tatu kutoka kwangu, katika nyumba za safu za Nakawa. Nimeandika "kwa mkono wangu", na nimeyaacha maneno hayo yalivyo, maana kwa miaka mingi nilikuwa nikijiambia kwamba ilikuwa mashine.

Nilifika Kampala nikiwa na miaka ishirini na minne. Kaka yangu alikuwa fundi wa reli, akikaa upande wa Namuwongo, naye ndiye aliyeniandikia barua Nairobi kwamba kuna ofisi moja ya serikali inatafuta mtu anayejua kompyuta. Wahindi waliokuwa wakiiendesha walikuwa wamefukuzwa nchini pamoja na wenzao wote, na mashine ilikuwa imekaa miezi kadhaa bila mtu wa kuiwasha. Mimi nilikuwa nimeifanya kazi hiyo kwa miaka miwili. Mama yangu, kule Taita, alilia alipopata habari. Alisema watu wanatoka huko mbio, wewe ndiyo unaingia. Nikamwambia nitakaa mwaka mmoja tu.

Ofisi yetu ilishughulikia matokeo ya mtihani wa darasa la saba. Kila shule ilituletea fomu za watoto wake. Wasichana wa chumba cha kuchapa waliziingiza fomu hizo kwa mashine iliyotoboa matundu kwenye utepe mrefu wa karatasi, kila shule na utepe wake. Kila mtoto alikuwa na mstari mmoja, na mstari ulikuwa na vitu sita: nambari ya mtihani, jina, alama za Kiingereza, alama za hesabu, alama za maarifa, na mwisho jumla. Kati ya kitu na kitu palikuwa na koma. Kompyuta haikujua jina ni nini wala hesabu ni nini. Ilichojua ni koma.

Kazi yangu ilikuwa kuiandikia amri. Kwenye meza ya mwendeshaji palikuwa na taipureta iliyofungwa kwa waya kwenye mashine. Unaandika mstari, unabonyeza, nayo inatii. Mwaka ule mkuu wa ofisi alitaka orodha fupi za kupeleka shule za sekondari, na kipande cha karatasi kwa kila mtoto: nambari, jina, jumla, basi. Niliandika amri ambazo hazikujaza hata nusu ukurasa. Soma mstari. Hesabu koma. Chukua kitu cha kwanza, cha pili na cha sita. Viachie nafasi, vipige chapa. Nikajaribu kwa tepe za shule tatu, nikalinganisha na fomu kwa kidole, mtoto kwa mtoto. Zote zilikuwa sawa. Nilijivunia sana amri zile. Niliona nimefanya kwa asubuhi moja kazi ambayo makarani wangeifanya mwezi mzima.

Nakawa nilipanga chumba kimoja. Majirani wengi walikuwa watu wa polisi na jela, wengi wao kutoka kaskazini. Mlango wa tatu alikaa sajenti mmoja wa polisi, mtu mrefu asiye na maneno mengi, ambaye sote tulimwita afande. Yeye alikuwa Mkatoliki. Mke wake alikuwa Mwislamu, Mnubi aliyezaliwa kwenye kambi ya jeshi, na Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, kisichojali kanuni. Changu cha Taita na cha shule kilimchekesha. "Dada wa Kenya," alikuwa akisema, "wewe nasema kama redio." Lakini ndiye aliyenilisha. Sukari ilikuwa imeadimika, sabuni imeadimika, na mimi sikujua foleni ya chumvi inaanzia wapi. Yeye alijua. Kila nilipotoka kazini aliniita nile kwake, na sikumbuki siku hata moja aliyoniacha niende kulala na njaa.

Mtoto wao wa kwanza ndiye msichana huyo. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, mwembamba kama baba yake, na meno ya mbele yaliyoachana kidogo. Fomu za shule zilikuwa na jina lake la ukoo na jina la ubatizo, lakini mama yake alimwita kwa jina la tatu, la kwao. Jumamosi mchana alikuja chumbani kwangu na vitabu vyake. Nilikuwa nikimletea kutoka ofisini zile karatasi pana za mashine zilizoharibika, zenye matundu pembeni, naye alifanya hesabu nyuma yake, mistari kwa mistari, mwandiko mdogo ili karatasi isiishe haraka. Alinifundisha mimi zaidi ya nilivyomfundisha. Akipata swali gumu aliuma kidole gumba, halafu akaandika jibu kwa mkupuo bila kufuta.

"Anti," aliniuliza siku moja, "kumbe mwanamke naweza fanya kazi na kompyuta?"

"Si unaniona mimi?"

"Wewe ni wa Kenya."

"Na wewe utakuwa wa hapa."

Alicheka, akafunika mdomo kwa kiganja.

Mwaka ule mwalimu mkuu wa shule yao alichukuliwa. Siku hizo neno lilikuwa hilo tu, kuchukuliwa, na hakuna aliyeuliza na nani wala wapi. Gari lilikuja shuleni mchana, akapandishwa, na kesho yake darasa la saba halikuwa na mwalimu wa hesabu wala mkuu. Walimu wengine wawili walivuka mpaka kabla ya muhula kwisha. Watoto walibaki kujisomea wenyewe. Nakumbuka msichana aliniambia kwamba yeye ndiye aliyekuwa akisimama ubaoni.

Walifanya mtihani. Matokeo yakatoka Januari.

Sikuwa nimeiona orodha ya shule yao. Kichapishi kilikuwa kimetoa karatasi kwa siku nne mfululizo, marundo yaliyofika kiunoni, na baada ya tepe zile tatu za kwanza sikuangalia tena mtoto mmoja mmoja. Kwa hiyo niliyaona matokeo yake pale pale aliponiletea yeye mwenyewe, saa kumi ya jioni, jua bado kali. Hakuingia ndani. Alisimama mlangoni, mama yake nyuma yake, akaninyooshea kile kipande cha karatasi.

"Anti, hebu soma."

Nilisoma. Nambari ya mtihani, jina lake la ukoo, themanini na mbili. Hiyo ilikuwa jumla kati ya alama mia tatu.

"Labda kuna mtu mwingine naitwa kama mimi," alisema.

"Nambari ni yako?"

"Ni yangu."

Mama yake akasema, "Dada, wewe ndiyo nafanya na hiyo mashine. Niambie. Mashine naweza kosa?"

Nilikuwa nimekishika kipande kile mkononi. Nililiona jina la ukoo, nikaona la ubatizo halipo, na halikunigutua. Watoto wengi waliandikishwa kwa jina moja tu. Nikamfikiria mwalimu mkuu aliyechukuliwa, na walimu waliokimbia, na watoto waliojifundisha wenyewe. Nilisikia shule nzima imeanguka, hakuna hata mmoja aliyepita. Ilieleweka. Katika nchi ile, mwaka ule, jambo baya lilipotokea hakuna aliyelitafutia sababu mbali.

"Mama," nikasema, "mashine haikosei."

Mama alimshika binti bega, wakarudi kwao.

Jioni hiyo hiyo, kabla jua halijatua, nilisikia mkanda. Kuta zetu zilikuwa nyembamba. Afande alikuwa akisema maneno machache kati ya pigo na pigo, kwamba alimdanganya, kwamba alikuwa akijifanya kusoma. Sauti ya mtoto sikuisikia kabisa. Nilitoka nje nikaufungua mfereji wa maji wa uani, nikauacha umwagike kwenye ndoo iliyokwisha jaa, ili nisisikie. Sijawahi kumwambia mtu hilo la mfereji.

Mwezi wa pili alipelekwa kaskazini kwa bibi yake mzaa baba. Afande alisema hana haja ya kumweka mjini mtoto asiyesoma, afadhali akamsaidie mzee kulima. Asubuhi ya safari alikuja kuniaga. Alikuwa amevaa gauni la kanisani na viatu vya mpira. Alinirudishia karatasi zangu pana ambazo hakuwa amezitumia, amezikunja vizuri.

"Huko sitahitaji," alisema.

"Chukua tu. Utasoma, utarudia mwaka."

"Baba amekataa kurudia." Kisha akasema, "Usikasirike na mimi, anti."

Nikamwambia sikasiriki. Ndivyo nilivyomjibu: sikasiriki. Nikakubali aniombe msamaha.

Mwezi wa tano mkuu wa ofisi alipata agizo jipya. Wakubwa walitaka kujua watoto wamefanyaje Kiingereza, shule kwa shule. Mkuu wetu alikuwa Mganda mtu mzima, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi sikioni. Kazi ilikuwa ndogo kwangu. Nilizichukua zile amri za Januari, nikabadilisha tarakimu moja tu: badala ya kitu cha sita, chukua cha tatu. Nikaweka tepe, moja baada ya nyingine, nikakaa kunywa chai ya rangi.

Nilipokuwa nikizikata karatasi, nikaona ukurasa mmoja haufanani na mingine. Mahali pa alama za Kiingereza hapakuwa na tarakimu. Palikuwa na majina. Safu nzima ya majina ya ubatizo, yameshuka kutoka juu hadi chini, ya wavulana na ya wasichana, watoto arobaini na mmoja. Juu ya ukurasa palikuwa na jina la shule ya Nakawa.

Nilielewa kabla sijafikiri. Nilikwenda kwenye rafu nikautoa utepe wa shule ile, nikauchapa wote kama ulivyo, bila kuchagua kitu. Msichana aliyeziingiza fomu zile alikuwa ameweka koma kati ya jina la ukoo na jina la ubatizo, kama fomu yenyewe ilivyoandikwa. Katika shule nyingine zote waliacha nafasi tu. Koma ile moja ilikuwa imekisukuma kila kitu mbele kwa hatua moja. Kwa mashine, jina la ubatizo lilikuwa kitu cha tatu, Kiingereza cha nne, hesabu cha tano, maarifa cha sita. Mimi nilikuwa nimeiambia ichukue cha sita. Ikachukua cha sita. Jumla ilibaki kwenye utepe, kitu cha saba, ambacho sikuwa nimekiomba.

Nilishuka na kidole hadi kwenye mstari wake. Kiingereza themanini na tano. Hesabu tisini na nne. Maarifa themanini na mbili. Jumla mia mbili sitini na moja. Hapakuwa na mtoto mwingine wa shule ile aliyemkaribia.

Msichana yule wa kuchapa sikumlaumu na simlaumu. Yeye aliandika alichokiona. Ni mimi niliyekuwa na wajibu wa kuhesabu kwamba kila mstari una koma tano, na unaozidi usimamishwe. Ingekuwa amri moja zaidi. Nilijua hivyo hata Januari. Niliona haina haja.

Nilimpelekea mkuu karatasi zote mbili. Alizisoma mara mbili, kisha akainuka akafunga mlango.

"Nnyabo," akaniita kwa heshima ya Kiganda kama kawaida yake, kwa sauti ya chini, "hii kalatasi nani ameona?"

"Mimi tu, ssebo. Na wewe."

"Watoto wangapi?"

"Arobaini na mmoja. Thelathini hivi walikuwa wamepita."

Alivua miwani, akakaa nayo mkononi. Sote wawili tulikuwa tukimfikiria mtu mmoja, mwenzetu wa chumba cha mashine, mtu wa makamo aliyesema hadharani mbele ya wageni kwamba kichapishi kimeharibika na kazi ya wakubwa haitakuwa tayari. Wiki ile ile alichukuliwa. Tulisikia kosa lake liliitwa hujuma.

"Tukisema ni kosa, watauliza kosa la nani," mkuu akasema. "Na wewe ni Mkenya." Aliendelea kuishika miwani. "Hatutaandika neno kosa. Tutaandika olodha ya nyongeza. Watoto wa nyongeza, basi. Nitatia sahihi mimi."

"Ssebo, wakikuuliza?"

"Mimi nimezeeka. Wewe una mama."

Akatia sahihi. Nilisimama pale nikimwangalia akiandika jina lake polepole, herufi kwa herufi, na sikumzuia.

Orodha ya nyongeza ilikwenda shule za sekondari. Muhula ulikuwa umekwisha anza zamani, na nyingi zilijibu kwamba nafasi zimejaa. Nyingine zilipokea. Ile shule ya bweni aliyoichagua mtoto wa jirani yangu ilijibu kwamba kuna kitanda kimoja, aje ndani ya wiki mbili.

Mkuu aliniambia ninyamaze. Barua itamfikia afande kwa njia ya kawaida, alisema, naye ataona Mungu amefungua mlango, na hakuna haja ya kujua zaidi. Alikuwa na haki. Nilinyamaza siku moja. Siku ya pili mama wa mtoto aliniita kula, nikaketi mbele ya sahani yake nikaisogeza kando bila kula.

Alikuwa ameketi kwenye mkeka uani, akipeta mbegu za simsim kwenye ungo. Nilimwambia yote. Nilijaribu kumweleza koma, nikaona haina maana, nikasema tu: niliiandikia mashine vibaya, nayo ikamnyima mtoto alama zake.

Aliendelea kupeta.

"Kwa hiyo mtoto yangu haikuanguka."

"Hakuanguka, mama. Alikuwa wa kwanza shuleni kwao."

"Na mimi niliuliza wewe."

"Uliniuliza."

"Nilisimama pale mlangoni. Nilisema, mashine naweza kosa?"

"Ndiyo, mama."

Aliuweka ungo chini taratibu, simsim isimwagike. Akaingia ndani, akafunga mlango. Hakuubamiza. Aliufunga polepole kama mtu ambaye ndani ana mgonjwa amelala.

Barua ilipofika, mkewe akiwa amekwisha mwambia yote, afande aliomba ruhusa kazini. Ijumaa alipanda basi la kaskazini akiwa na barua ya shule na karatasi mpya yenye alama za kila somo mfukoni, na viatu vyeusi vipya alivyomnunulia binti yake, sijui alivipata wapi wakati ule ambapo maduka yalikuwa matupu. Nilihesabu siku. Kwenda, kulala, kurudi. Nilifagia chumba changu nikaweka karatasi safi mezani, nikitumaini atapita hapo kabla ya kwenda shuleni.

Alirudi Jumatano, peke yake. Nilimwona akitokea barabarani, viatu bado vimefungwa kwa kamba na kuning'inia mkononi.

Kesho yake mchana alikuja mlangoni kwangu, amevaa sare. Niliangalia nyuma yake kama kuna gari, maana polisi mwenye sare mlangoni siku zile alikuwa na maana moja. Nilimkaribisha kiti. Hakukaa.

"Alikuwa amepewa mtu," alisema.

Nilimsogezea kiti tena.

"Mwezi ya tatu ndugu zangu waliandika barua. Walisema kuna mtu nataka yeye, tupatie? Mimi nilijibu ndiyo. Mimi mwenyewe, dada, si mtu mwingine. Nilisema kama hapana soma, aolewe." Alivua kofia yake, akaishika kwa mikono miwili. "Ng'ombe ilishakuja. Ilishatoka pia, ndugu yangu mdogo ameoa nayo. Wazee walisema, sasa unataka turudishe nini?"

"Na yeye mwenyewe? Alisema nini?"

"Nilienda mpaka kwa bwana yake. Nilisomea yeye ile karatasi mpya. Alisikia mpaka mwisho." Aliufuta ukingo wa kofia kwa kidole. "Halafu aliniuliza kama nimekula."

Nilianza kulia. Yeye hakulia, alinitazama tu, si kwa hasira, kama anayesubiri mvua ipungue ili aendelee na safari.

"Mimi nilipiga mtoto juu ya karatasi yako," alisema.

"Afande, nisamehe."

"Kusamehe iko kazi ya Mungu. Mimi nimekuja kukwambia ingine. Usiambie mtu. Hata kaka yako ya reli. Watasema wewe Mkenya ulitumwa kuharibu watoto ya watu. Mimi najua pahali wanapeleka watu." Aliigeuza kofia. "Mimi nimepeleka watu huko. Na gari ya serikali. Unasikia? Mimi sitaki kupeleka wewe."

"Nimesikia."

"Mtoto moja imetosha."

Akavaa kofia yake, akatoka.

Nimefikiria maneno yake mara nyingi kuliko ya mtu yeyote aliyewahi kusema nami. Neno moja tu kutoka kwake lingenimaliza, na angepata sifa kazini. Badala yake alikuja kunionya. Na wakati huo huo alikuwa ameniambia yeye ni mtu gani, amefanya nini, na sikujua niyaweke wapi yote mawili. Hata leo sijui.

Watoto wengine wa shule ile, wachache walipata nafasi. Mkuu wangu hakuulizwa kitu. Mwaka uliofuata aliomba kustaafu akaenda kwenye migomba yake, na nilimshukuru Mungu kwa hilo. Mama wa msichana aliendelea kunisalimia. Alijibu habari za asubuhi, aliniambia foleni ya mafuta iko wapi. Lakini hakuniita kula tena, na mimi sikujialika.

Nilimwona msichana mara moja zaidi, baada ya mwaka na miezi. Ilikuwa katika soko la Nakawa, asubuhi, kwenye foleni ya sabuni. Mwanamke mbele yangu alikuwa amebeba mtoto mgongoni, na mtoto alinitazama juu ya bega la mama yake kwa macho makavu ya homa. Mama akageuka.

"Anti."

Nilimtambua kwa meno. Alikuwa amerefuka, na mashavu yamekwisha. Aliniambia ameleta mtoto hospitali, anakaa kwa wazazi wiki moja, kisha anarudi. Nilimsifu mtoto. Nikauliza habari za bibi yake. Tulizungumza hivyo, juu juu, kama watu waliokuwa majirani tu.

Halafu akauliza, "Baba alisomea mimi ile karatasi, lakini alisoma haraka. Hesabu nilipata ngapi?"

"Tisini na nne."

"Kiingereza?"

"Themanini na tano."

Aliitikia kwa kichwa polepole. "Basi ile ya mwisho nilipata. Ile ya tangi. Siku ile niliwaza sana, nikasema labda nilikosa." Akanieleza swali lenyewe, tangi lenye mifereji miwili, mmoja unajaza na mwingine unatoa maji, akiandika tarakimu kwa kidole kwenye kiganja chake, akauma kidole gumba, akafika kwenye jibu. Alikuwa bado analikumbuka. Mtoto alianza kulia, akamtikisa mgongoni bila kuacha kuhesabu.

"Ni mimi niliyekosea," nikamwambia. "Unajua?"

"Najua. Mama aliniambia."

"Nimekuwa nikitaka kukuomba msamaha."

Alinitazama. Nilidhani atasema jambo, na niko tayari kuapa kwamba alikuwa na la kusema. Watu nyuma yetu walianza kusukuma.

"Anti," alisema, "foleni inasogea."

Akageuka mbele, akapiga hatua. Sabuni ilifika kwake, ikanifikia na mimi, kipande kimoja kimoja. Nilipokuwa nikipokea changu yeye alikuwa amekwisha toka kwenye kivuli cha mabati, akienda upande wa barabara, na kichwa cha mtoto kimelala kwenye mgongo wake.

Muda si mrefu maneno kati ya nchi mbili yakawa mabaya, Wakenya wakaanza kuchukuliwa, na kaka yangu alikuja na tiketi mbili za treni. Niliondoka na sanduku moja. Nilipita mlango wa tatu kuaga. Mama alinishika mkono, akaushika kitambo, akasema, "Salimia mama yako." Afande alikuwa kazini.

Vita vilikuja baadaye, na baada ya vita hivyo vikaja vingine, na kule kaskazini ndiko vilikokaa muda mrefu kuliko pote. Kwa miaka mingi nimekuwa nikiwauliza watu waliotoka upande ule. Nawatajia majina yake yote matatu, na jina la bibi yake, na la kijiji kama nilivyolisikia. Mmoja alisema alimjua mwanamke wa jina la ukoo kama hilo, lakini alikuwa mzee zaidi. Mwingine aliniuliza yeye ni nani kwangu. Nikamwambia alikuwa jirani.